Usiyahukumu manukato ya zamani kwa pumzi ya kwanza

Kichupa cha zamani kilichonisimamisha kwa mara ya kwanza nilikikuta juu ya meza ya bibi mmoja hapa Lille, kaskazini mwa Ufaransa, niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake kila asubuhi. Nilikuwa nafuta vumbi. Kizibo chake kilikuwa njiwa wawili wa kioo, na ndani mlibaki kama vijiko viwili vya maji ya rangi ya chai ya rangi. Nikaomba ruhusa, nikafungua, nikanusa. Asetoni tupu, ile ya kufutia rangi ya kucha. Nikamwambia, "Madame, hii imeshaharibika." Hakubishana nami. Alijipaka tone moja kwenye kiwiko cha mkono kwa ndani, akaniambia nikapike kahawa kwanza.

Niliporudi na kahawa akanipa mkono ninuse. Ilikuwa karafuu. Haikuwa karafuu ya pilau. Ilikuwa karafuu ya siku ya pili jamvini, imeanza kubadilika rangi, jua la saa tisa limeipiga, na pembeni yake kuna ua. Mimi mzaliwa wa Wete, Pemba. Utoto wangu wa msimu ni kukaa barazani usiku na wakubwa tukichambua, karafuu upande huu, makonyo, yaani vijiti vyake, upande ule, vidole vimenata mafuta hata sabuni haiyatoi. Nikajikuta nimekaa kwenye kiti cha Madame bila kukaribishwa.

Yale yalikuwa L'Air du Temps ya Nina Ricci, manukato yaliyotoka mwaka 1948. Ni miaka kumi na moja sasa tangu asubuhi ile, na tangu hapo nakusanya, nanusa, naandika daftarini. Wengi mmeniuliza anaanzaje mtu asiyejua kitu. Anza na hili: pumzi ya kwanza ya chupa ya zamani haikwambii kweli. Zama zimekaa chini.

Aliyezoea kufukiza nguo anaelewa haraka. Udi ukiwekwa chetezoni, moshi wa mwanzo ni mwingine, na harufu inayobaki kwenye buibui kesho yake ni nyingine. Pafyumu ya Kizungu nayo imepangwa hivyohivyo. Juu mna limau, chungwa na begamoti, vitu vyepesi vinavyoruka baada ya dakika chache. Katikati ni maua. Chini kabisa ni vile vizito: sandali, vanila, pachuli, miski, utomvu wa miti. Hewa na mwanga huvila vile vya juu kwanza, ndiyo maana chupa ya miaka sabini ikifunguliwa inatoa ukali wa asetoni au wa figili iliyolala. Vya chini vinadumu. Na ndivyo vinavyotofautisha zama, kwa sababu limau ya mwaka 1920 na ya mwaka 1980 ni limau tu, lakini kilichowekwa chini yake ni tofauti kabisa. Lugha yetu imeshatupa maneno mawili kwa kazi hii: kinachonuka mwanzoni, kipe muda, kitanukia.

Sasa tuingie sokoni. Mimi nanunua mitumbani. Lille ina Braderie, soko la wikiendi ya kwanza ya Septemba, mji mzima unageuka meza za vitu vya zamani, na mikahawa inalundika makombe ya kome mlangoni kuonyesha nani kauza zaidi. Siku nyingine naenda Wazemmes, soko la Jumapili. Lakini wewe uliyeko Dar, Mombasa au Muscat usidhani huna pa kuanzia. Fungua makabati ya nyumbani, kwa adabu. Mama zetu wadogo na mashangazi walioletewa zawadi kutoka safarini mara nyingi wameacha kichupa nusu ndani ya sanduku la mbao, kimeviringishwa kwenye kanga. Sanduku lile lina giza na halifunguliwi ovyo, kwa hiyo huenda kichupa hicho kikawa kizima kuliko vyangu vyote vilivyokaa dirishani kwa watu.

Ukikishika, kiinue kwenye mwanga. Rangi ya kahawia isikutishe; vanila hufanya maji kuwa meusi kadiri miaka inavyokwenda, na manukato ya zamani ya Shalimar, ya Guerlain, yenye rangi ya asali iliyokolea ni ya kawaida kabisa. Iache yenye ukungu au vitu vinavyoelea. Kisha nusa shingo ya chupa, mahali kizibo kinapokaa, kwa sababu hapo pamekauka tone la miaka mingi na sehemu ya juu imeshaondoka. Ukipata hapo harufu ya mbao, utomvu au unga wa poda, nunua hata kama ya ndani inakera.

Geuza chupa usome chini yake. Hili nililijua kwa hasara. Mwaka wangu wa pili nilinunua chupa kubwa ajabu, nzuri, imejaa hadi shingoni, na muuzaji akanihakikishia ni ya asili. Nikaibeba kama mtoto hadi nyumbani. Ilikuwa maji yaliyotiwa rangi. Maduka yalikuwa yakipamba madirisha kwa chupa za maonyesho, na nyingi zimeandikwa chini neno FACTICE. Chupa kubwa kupita kiasi, iliyojaa pomoni, isiyofunguka, ishuku.

Sanduku nalo linasema. Likiwa na orodha ndefu ya viambato, yenye majina kama linalool na limonene, basi ni la mwaka 2005 au baada ya hapo, maana ndipo Ulaya ilipolazimisha vitu vinavyoweza kuleta mzio vitajwe. Lisipokuwa na orodha yoyote, uwezekano ni mkubwa kwamba limetoka kabla ya mwisho wa miaka ya 1990. Kati ya aina zote, tafuta iliyoandikwa Extrait au Parfum. Ni nzito, na uzito ndio unaohimili miaka. Eau de Cologne karibu yote ni limau na begamoti, kwa hiyo inazeeka vibaya.

Na jihadhari na jina. Miss Dior inayouzwa madukani leo si Miss Dior ya 1947. Kampuni ilichukua manukato mengine matamu, yaliyoitwa Miss Dior Chérie, ikayapa jina la mama mkubwa, na yale ya mwanzo yakaandikwa Originale. Ukiagiza kwa jina tu, utaletewa mjukuu.

Kufungua ndiko kunakovunja moyo watu, kwa hiyo nitaeleza polepole. Vichupa vya zamani vya extrait vina kizibo cha kioo kilichosuguliwa kikakaa barabara kwenye shingo. Juu yake utakuta ngozi nyembamba kama ya kitunguu, iliyofungwa kwa uzi mweusi au wa dhahabu, kuzuia hewa. Kama uzi haujakatwa, chupa haijawahi kufunguliwa. Fikiri mara mbili kabla hujaukata. Kama umeshakatwa na kizibo kimeganda, kilichokigandisha ni manukato yenyewe yaliyokauka yakawa gundi. Usitumie koleo. Usimwagie maji ya moto. Mimi nilimwagia maji ya birika shingo ya chupa ya Mitsouko, manukato mengine ya Guerlain, asubuhi ya baridi ya Januari, kioo kikatoa mlio mdogo, na manukato yote yakaishia kwenye taulo. Taulo lile lilinukia hadi Pasaka na sikuthubutu kulifua.

Fanya hivi. Tandika kitambaa laini mezani, uweke na bakuli chini ya chupa. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti safi, uzungushe pale kizibo kinapokutana na shingo, tone likae kwenye ufa. Subiri robo saa. Kamata shingo kwa kiganja, siyo kizibo, uipe joto la mkono kwa dakika mbili tatu. Halafu chukua mwiko, ugonge kizibo kwa mpini wake taratibu, upande huu mara moja, upande wa pili mara moja, kama unavyogonga yai. Jaribu kuzungusha kwa vidole viwili. Kikikataa, tia tone jingine la spiriti, uache mpaka kesho. Kuna kimoja kilinichukua siku tisa.

Unapokuja kunusa, kata vipande vya karatasi nyeupe isiyo na harufu, uandike jina na saa. Tone moja mwisho wa karatasi. Nusa papo hapo ili ujue kilichoharibika, kisha ondoka. Rudi baada ya dakika 20, rudi baada ya saa mbili, rudi kesho asubuhi. Andika kila mara, hata neno moja. Usivuke manukato matatu kwa siku; pua ikichoka, nusa mkono wa nguo yako safi. Mwenye wasiwasi na spiriti ana nafuu, karatasi inatosha na hakuna kinachogusa mwili. Anayetaka kujipaka ajipake sehemu iliyofunikwa na nguo na asitoke nayo juani: begamoti na baadhi ya miski za zamani zinaweza kuunguza ngozi zikipigwa na jua. Na usitie kwenye kanzu nyeupe. Doa halitoki.

Sasa zama zenyewe. Sitapita zote kwa mwendo mmoja, kwa sababu si zote zinanigusa sawa.

Mwisho wa karne ya 19 ndipo maabara ilipoingia kwenye chupa. Kampuni ya Houbigant ilitoa Fougère Royale mwaka 1882 ikitumia kumarini, harufu ya nyasi zilizokatwa zikalala juani. Mwaka 1889, mwaka uleule mnara wa Eiffel ulipofunguliwa, Aimé Guerlain akatoa Jicky: lavenda juu, vanila chini, na zabadi ikipumua katikati. Zabadi ni ileile tunayoijua sisi, ya ngawa, na Ethiopia ndiyo iliyokuwa ikiwauzia Wafaransa. Vanila nayo haikuwa maganda matupu. Walitia vanilini ya maabara. Na hapa ndipo nilipoweka kitabu chini niliposoma: kwa miaka mingi, hadi kwenye miaka ya 1920, vanilini ilikuwa ikitengenezwa kutokana na eujenoli, yaani mafuta ya karafuu. Karafuu za dunia wakati huo zilitoka kwa wingi Unguja na Pemba. Siwezi kusema konyo la shambani kwa babu yangu liliingia kwenye chupa gani. Lakini ninapowanusia watoto wangu vanila ya zamani, nawaambia hivyo.

Miaka ya baada ya Vita vya Kwanza ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Mwaka 1917 François Coty alitoa Chypre, jina la kisiwa cha Kupro (Saiprasi) kwa Kifaransa: begamoti juu, maua kati, na chini ukoga wa mwaloni, ule wa kijivu unaoota kwenye magome. Unanuka msitu baada ya mvua, wino, na ukuta wa chokaa wenye unyevu. Miaka miwili baadaye Jacques Guerlain akachukua umbo hilo, akatia kitu cha maabara chenye harufu ya pichi lililoiva, akapata Mitsouko. Kwa dakika ishirini za mwanzo Mitsouko ya zamani inaweza kukuudhi. Saa ya pili pichi linakaa juu ya ukoga, na unapata tunda lililoachwa kwenye kabati la nyumba ambayo wanaume hawakurudi. Kesho yake imebaki mbao na giza. Ukitaka kujua kwa nini Mitsouko mpya haifiki pale, ni kwa sababu ukoga wa mwaloni umewekewa mipaka kutokana na mzio. Sina ugomvi na hilo, ngozi ya mtu ni muhimu. Ila ndiyo sababu nasaka chupa za zamani.

Mwaka huohuo wa 1919 Caron walitoa Tabac Blond, ngozi na tumbaku, kwa wanawake walioanza kuvuta sigara hadharani. Kisha 1921 ikaja Chanel No 5. Ernest Beaux, aliyezaliwa Moscow, alimpangia Gabrielle Chanel sampuli zenye namba, naye akachagua ya tano. Kilichowashangaza watu ni aldehidi, vitu vya maabara vyenye harufu ya shuka jeupe linalotoka kupigwa pasi, na ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Katika chupa ya zamani hizo zimepungua, na hapo langilangi inajitokeza. Ndiyo, ua la mlangilangi, tunalomwaga kitandani kwa bibi harusi. Komoro bado ni miongoni mwa wanaolitoa mafuta kwa wingi duniani. Mpe bibi yeyote wa Unguja karatasi ya No 5 ya zamani baada ya saa moja, atakwambia kuna arusi.

Shalimar ilionyeshwa Paris mwaka 1925, kwenye maonyesho ya sanaa za mapambo. Vanila, moshi, begamoti nyingi. Ni rahisi kuipata na inazeeka vizuri mno.

Kwa mwenye pesa kidogo nasema Soir de Paris ya Bourjois, 1928, nayo ni kazi ya Beaux. Ilikuwa ya bei ya mnyonge, kwenye vichupa vya buluu iliyokoza, na buluu ile inazuia mwanga, hivyo kilichomo mara nyingi ni kizima. Mimi ya kwanza nililipa euro 15. Upande wa pili wa mizani ulikuwa Joy ya Jean Patou, iliyotoka 1930, mara tu baada ya uchumi kuanguka. Walitangaza kwamba aunsi moja ilikula maua 10,600 ya yasmini na mawaridi dazeni 28. Inuse kwa utulivu.

Halafu Vita vya Pili. Edmond Roudnitska alitengeneza Femme ya Rochas mjini Paris chini ya Wajerumani, kwenye jengo lililopakana na jalala na kiwanda cha rangi, na manukato yenyewe ni zabibu kavu, ngozi yenye joto na mdalasini kwa mbali. Yalitoka mwaka 1944. Ukiyanusa ukijua alikuwa anapumua nini mchana kutwa, unayapa heshima nyingine. Februari 1947 Christian Dior akaonyesha nguo zake za kwanza, sketi pana zilizokula kitambaa mita kwa mita baada ya miaka ya mgao, na ukumbi ukanukia Miss Dior. Jina lilimhusu dada yake Catherine, aliyekuwa kwenye mapambano ya siri dhidi ya Wajerumani, akakamatwa, akapelekwa kambi ya Ravensbrück, akarudi hai. Kwa hiyo usitarajie utamu. Juu ni majani machungu, chini ukoga na ngozi. Ni harufu ya mtu aliyesimama wima.

Ikafuata 1948, L'Air du Temps ya Francis Fabron. Karibu yote imesimama juu ya ua la karnesheni, ambalo mtengenezaji hulijenga kwa eujenoli, yaani kwa karafuu, na juu yake akatandaza ulaini kama wa poda. Kizibo cha njiwa kilichorwa na Marc Lalique mwaka 1951, njiwa wa amani. Madame alinunuliwa chupa yake na mumewe walipopata mtoto wa kwanza. Aliniambia miaka ya vita hakukuwa na sabuni ya maana, na jambo alilolitaka kuliko nyama ni kunukia usafi. Tangu aniambie hivyo ile poda naisoma tofauti.

Miaka ya 1950 na 1960 naipita haraka. Youth-Dew ya Estée Lauder, 1953, iliuzwa kama mafuta ya kuogea ili mwanamke wa Marekani ajinunulie mwenyewe asingoje zawadi ya mume. Ni nzito, ina viungo. Diorissimo ya 1956 ni ua jeupe la Mei, Wafaransa huliita muguet, lisilokubali kukamuliwa mafuta, Roudnitska akalijenga kwa mikono yake. Eau Sauvage ya 1966 ni hewa na limau, inunue mpya.

Mwaka 1977 karafuu inarudi, safari hii ikipiga kelele. Opium ya Yves Saint Laurent ni karafuu, pilipili manga, manemane, pachuli. Jina lake liliwakera Wamarekani wenye asili ya China, wakaandamana, na nawaelewa. Lakini ukipata ile ya mwanzo, ya kabla eujenoli na ndugu zake hazijawekewa mipaka mikali, fungua dirisha, tia tone moja tu, nenda kapike. Ukirudi nyumba nzima ni ghala la karafuu la Mkoani, Pemba. Baada yake ni Poison ya 1985 na wenzake wa mabega mapana, kisha watu wakachoka wakataka maji na pamba: CK One, 1994, ya mke na mume kwa pamoja. Hizo bado zimo kwenye mabegi ya mashangazi zako. Kawaulize.

Ukishapata, tunza. Adui ni mwanga, joto na hewa, kwa mpangilio huo. Usiweke bafuni wala juu ya meza ya kujipambia, hata kama ndipo panapopendeza. Weka ndani ya sanduku lake, sanduku ndani ya kabati, chini kabisa ambako hakuna joto. Huko Versailles kuna Osmothèque, hazina ya manukato iliyoanzishwa mwaka 1990, wanayaweka kwenye nyuzijoto 12 na kujaza gesi ya argoni juu yake ili hewa isiguse. Wanafanya vikao vya kunusisha watu. Chypre ya Coty mimi niliinusa kwao, kwenye karatasi, na karatasi ile ninayo. Nyumbani huna argoni, lakini unaweza kuhamisha kilichobaki kwenye kichupa kidogo kinachokijaza, ili hewa ikose nafasi. Chupa nzuri ibaki ya kutazama.

Madame alipofariki, mwanawe alinipa kichupa cha njiwa. Nilitia matone mawili kwenye pamba, pamba nikaifunga ndani ya kichupa cha dawa, nikampa mtu aliyekuwa anakwenda Pemba. Sikumweleza mama ni nini. Alinipigia jioni yake, akasema, "Mwanangu, karafuu hii kaianika nani? Haikupata mvua hata siku moja."